Kabla ya Tarehe ya Kuanza

Ofisi yetu iko mwisho wa korido, baada ya stoo ya viti vibovu, na wahadhiri wengi huifikia wakiwa wamekwisha kasirika. Wanakuja kutafuta fedha za utafiti. Wanadhani fedha zenyewe ziko kwenye kabati letu la chuma na kwamba sisi, kwa roho mbaya tu, tumezifungia. Kazi yetu ni kuwatafutia mifuko inayotoa ruzuku, kuwasaidia kuandika andiko linalosomeka, na kuwazuia wasijiangushe wenyewe kabla hawajaangushwa na wengine. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokula muda wetu.

Tuko wawili. Mkuu wangu wanamwita Bwana Tarehe, kwa sababu ukimsalimia asubuhi atakujibu kwa kukukumbusha mwito fulani wa maombi unafungwa lini. Ni mtu mrefu, mpole, shati limechomekwa vizuri, na sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Mimi nashughulika na bajeti. Wananiita Mama Mkasi, na sidhani kama kuna haja ya kueleza. Profesa mmoja aliwahi kuweka gari jipya katika utafiti wa mashairi. Nililikata, akaninunia muhula mzima, na mimi nikaendelea kulala usingizi wangu kama kawaida.

Bwana Tarehe alikuwa na mtindo wake. Mhadhiri akija mara ya kwanza anaketishwa mbele yangu, birika la umeme linawashwa, na anatakiwa anieleze anataka kuchunguza nini na kwa nini, mimi nisiye mtaalamu wa kitu chochote isipokuwa hesabu, kabla maji hayajachemka. Birika likizima sijaelewa, basi wazo halijaiva, arudi kwake akafikiri. Wengi walirudi. Kuna waliomaliza maji yote wakiwa bado wanafafanua kichwa cha habari.

Mhadhiri mmoja wa kike wa idara ya lugha alinipata birika halijaanza hata kuunguruma.

Wanafunzi wake walimwita Dokta Mikono, maana hawezi kusema neno bila kulichora hewani kwanza. Alikaa, akaweka mkoba miguuni, akaanza.

"Mama yangu amefanya kazi kiwanda cha nguo tangu usichana wake mpaka kilipofungwa. Mle ndani mitambo ya kufumia inapiga kelele kiasi kwamba hata ukimpigia mtu yowe sikioni hakusikii. Kwa hiyo akina mama wakajitungia maneno ya mkono. Mkono wa kushoto uko kwenye uzi, hauondoki pale. Wa kulia ndio unaoongea, na midomo inasaidia."

"Maneno kama yapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha. Vidole viwili vikagonga bega: nyapara anakuja. Kidole kikapita juu ya kidole kingine kama wembe: uzi umekatika. Kiganja kikatua kifuani, halafu kidole kikaelekea kwa jirani: nishikie mashine, nakwenda kunyonyesha.

"Haya ninayajua kwa sababu aliyaleta nyumbani," akasema. "Masikio yake yaliharibika mapema, sisi tumekua tunaomba chumvi kwa mkono. Lakini ya nyumbani ni machache. Kiwandani walikuwa nayo mengi mno. Walikuwa wanasengenyana, wanataniana, wanapanga mgomo, na nyapara amesimama katikati yao hajui linaloendelea. Mengi ameyatunga mama mwenyewe. Sasa mitambo imeuzwa chuma chakavu, wenzake wamebaki wachache, wametawanyika. Yeye bado akili zake zote anazo. Nataka nimrekodi, nitengeneze kamusi, wakati bado yupo wa kuniambia maana."

Birika likazima. Nilimtazama Bwana Tarehe. Alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, na nilijua tayari anapekua kichwani kila mfuko anaoufahamu.

Haikuwa rahisi. Mifuko mingi haina hamu na wanawake waliokula chumvi nyingi. Inataka vijana, inataka teknolojia, inataka kitu kitakachobadilisha dunia kabla ya ripoti ya nusu mwaka. Mmoja ulijibu kwamba ungefurahi kusaidia iwapo washiriki wangekuwa chini ya umri wa miaka thelathini na mitano. Mwingine ulifadhili lugha za alama za viziwi, lakini kwa vipimo vya mfuko huo wanawake hawa hawakuhesabika kuwa viziwi, ingawa nusu yao ukiwaita hawageuki. Bwana Tarehe hakufa moyo. Kila akipata jibu la namna hiyo alilisoma mara mbili, akalifungia kwenye faili lake, akasema, "Haya, tuendelee."

Mwishowe alipata mfuko mmoja mdogo uliokuwa ukitafuta maarifa ya kazi zilizokufa. Aliniletea mezani mwito wenyewe akiwa ameupigia mistari kwa kalamu nyekundu, na alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hufanya mara chache na halimkai vizuri usoni.

Kisha wakaanza kuandika. Dokta Mikono, akizungumza, ni maji yanayoteremka. Akiandika ni msomi. Alikuwa na sentensi zinazoanza Jumatatu zikaisha Ijumaa, na katikati zimebeba wataalamu waliokufa na tarehe za vitabu vyao. Bwana Tarehe alimkalisha chini, akamfutia ukurasa mzima wa kwanza, akamwambia aandike yale aliyoniambia mimi mbele ya birika. Alikataa. Alisema wenzake idarani watamcheka. Bwana Tarehe akamuuliza kama wenzake idarani ndio watakaomlipa. Akaandika.

Bajeti yake sikuikata sana. Kamera, taa, nauli, chai ya washiriki. Nilipofika sehemu ya malipo ya wale akina mama nikakuta amewaandikia sifuri.

"Hawatadai," akaniambia. "Ni mama zangu hawa."

"Ndiyo maana," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikaongeza kitu kwenye bajeti ya mtu.

Siku moja, wakiwa wanapitia sehemu ya mbinu, Dokta akasema kama jambo dogo tu kwamba mwisho wa wiki ataanza kumrekodi mama yake kwa simu, kidogo kidogo, huku wakisubiri. Bwana Tarehe aliweka kalamu chini.

"Usimrekodi," akasema.

"Kwa nini?"

"Angalia hapa. Hawafadhili shughuli yoyote iliyofanyika kabla ya tarehe ya kuanza. Na kamati yetu ya maadili bado haijakaa. Ukishaanza, si utafiti mpya tena. Unakumbuka yule mtaalamu wa mchwa?"

Dokta hakumjua, lakini mimi namkumbuka. Alikuwa ameandika andiko zuri kupita kiasi. Kwa shauku yake akaanza kuchimba vichuguu likizo ile ile aliyotuma maombi, na akaambatanisha picha. Mfuko aliouomba ukajibu kwa mstari mmoja: kazi hii imekwisha fanyika. Alilia ofisini kwetu, mtu mzima, profesa, na tangu siku hiyo Bwana Tarehe akawa anaogopa picha kuliko moto.

"Ni miezi tu," akamwambia Dokta. "Mama yako ni mzima. Ngoja upate fedha, upate kamera ya maana, umrekodi kwa utaratibu. Simu itakuharibia."

Dokta alifikiri. Alikuwa amekwisha kumwamini mtu huyu. Ndiye aliyemtoa kwenye sentensi za Ijumaa, ndiye aliyempatia mfuko ambao hakujua kuwa upo.

"Sawa," akasema. "Nitangoja."

Mfuko ulitaka wale akina mama wakubali kwa maandishi mbele ya mtu wa chuo, na hivyo asubuhi moja wakaletwa ofisini. Walikuja wawili. Mama yake Dokta ni mfupi, mpana, amevaa gauni la vifungo na raba nyeupe, na anaingia mahali kama mtu aliyekuja kukagua. Mwenzake ni mwembamba, mrefu, mcheshi. Mashine zao zilipakana miaka yote ile, na Dokta anamwita mama mdogo ingawa damu yao si moja. Huyu masikio yake yalikuwa yamepona zaidi, kwa hiyo ndiye aliyekuwa msemaji.

Waliketi pande mbili za chumba kwa sababu hatuna viti viwili vilivyo karibu na vilivyo vizima. Wakaweka sahihi. Bwana Tarehe akaanza kuwaeleza haki zao kama washiriki, kwa sauti ya juu na polepole, ameshika karatasi kwa mikono miwili. Nikaona mkono wa kulia wa mama yake Dokta umeanza kutembea juu ya paja. Ulikuwa mwepesi ajabu kwa mwanamke wa mwili ule. Vidole vilifunguka, vikafunga, vikapita chini ya kidevu, vikatua kwenye kifungo cha juu cha gauni na kukichezea kidogo, na midomo ikawa inasogea bila sauti. Mama mdogo alijizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka akashika meza yangu.

Akamjibu. Mama akajibu tena. Ilikuwa ni mazungumzo kamili, yana zamu, yana kukatizana, yana hata kupandisha sauti bila sauti, na sisi tuliosoma tulikuwa tumekaa katikati yao hatujui linaloendelea.

"Hiyo sijawahi kuiona," akasema Dokta kwa sauti ya chini. "Hiyo ya kidevu. Wala hii anayofanya sasa." Na alikuwa tayari ametoa simu mkobani na kuiinua.

"Dokta," akasema Bwana Tarehe. "Tafadhali."

"Ni ya nyumbani tu. Haitaingia kwenye mradi."

"Unasema hivyo leo. Kesho itaonekana kwenye kamusi, na wataulizia tarehe." Alisema kwa upole kabisa. Hakumshika mkono, hakusogea hata hatua. "Tumefika mbali. Usituangushe hapa."

Dokta alibaki na simu mkononi. Mkono wa mama yake ulikuwa bado unaongea. Halafu akairudisha simu mkobani na kufunga zipu.

Mama aliona. Akauliza kitu kwa kidole, na bintiye akamjibu kwa kidole vile vile.

"Ameuliza kuna nini," Dokta akatuambia. "Nimemwambia bado haijaruhusiwa."

Yule mama akamtazama Bwana Tarehe kuanzia viatu mpaka kichwani, akainua mabega, akashusha.

"Na mwanzo alikuwa anasema nini juu yangu?" akauliza Bwana Tarehe. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Amesema wewe ungefaa kuwa nyapara," akajibu mama mdogo.

"Kwa uzuri au kwa ubaya?"

"Baba, umewahi kusikia nyapara anasifiwa?"

Tukacheka wote, hata yeye. Nikawachemshia chai. Ilikuwa asubuhi nzuri, na ninaitaja hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Andiko likatumwa kabla ya siku ya mwisho, kama kawaida ya Bwana Tarehe, ambaye huhesabu siku ya mwisho kuwa ni aibu. Tukabaki kungoja. Wahadhiri wengine walikuja na kuondoka. Dokta alipita mara moja moja kuuliza kama kuna habari. Hakurekodi. Najua hakurekodi kwa sababu alituambia, kila alipopita, bila kuulizwa, kama mtoto anayetangaza kwamba hajagusa sukari. Alisema mama yake amekuwa akimkumbushia maneno mezani, wakati wa kula, akitaka kumwonyesha. Yeye alikuwa akimwambia, ngoja mama, usiyamalize, tutakaa vizuri.

Kisha akapita muda mrefu bila kuonekana. Nilimpigia mimi. Alipokea akiwa hospitali.

Mama yake alikuwa amepata kiharusi. Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, akakaa chini, hakuinuka tena mwenyewe. Atapona, madaktari walisema, kwa maana ya kuishi. Lakini upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na mdomo umekwenda upande. Haongei kwa sauti. Akili ipo, macho yapo, anawatambua wote.

"Mkono wa kulia," nikasema.

"Ndiyo," akasema Dokta. "Huo huo."

Nilimwambia Bwana Tarehe nikiwa nimesimama. Akaketi. Akafungua kalenda yake ya mezani, akatazama ukurasa, akaifunga.

"Tulikuwa tumebakiza kidogo," akasema.

Nilimkasirikia. Ninasema wazi, nilimkasirikia sana, na nisingeweza kusema ni kwa kosa gani, kwa sababu alifuata kanuni na kanuni zimekuwa zikitulinda sote miaka yote hii. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Tukashinda. Barua ya mfuko ilikuja na hongera kwenye mstari wa kwanza. Mkuu wa kitivo alishuka mwenyewe mpaka mwisho wa korido, kitu ambacho hakijawahi kutokea, akatushika mikono, akagonga kiuno kwenye kiti kibovu wakati wa kutoka. Tangazo likabandikwa ubaoni. Picha ya Dokta Mikono ilichukuliwa kwenye kitambulisho chake cha kazi, kwa sababu hakuja kupigwa nyingine.

Alikuja siku ya kikao cha kwanza na mfuko, kilichofanyika kwenye skrini ofisini kwetu. Alikuwa amepungua. Aliketi katikati yangu na Bwana Tarehe, mikono ameikunja mapajani. Bibi wa mfuko alikuwa mchangamfu, nyuma yake kuna rafu ya vitabu na ua la plastiki. Alituambia ripoti zitaandikwaje na fedha zitakuja kwa awamu gani. Mwisho, akiwa anakusanya karatasi zake, akaongeza:

"Wapitiaji walilipenda sana andiko lenu. Lakini nusura tuwakose. Hamkuleta rekodi hata moja ya mfano. Wengi hutuletea vipande vya majaribio, hata vya simu tu, tuone kitu chenyewe kikoje. Mnavyo sasa?"

Dokta alikuwa anaitazama skrini bila kupepesa.

"Mimi ndiye niliyemkataza," akasema Bwana Tarehe. "Nilielewa kwamba kanuni yenu inakataa shughuli iliyofanyika kabla ya tarehe ya kuanza."

"Aa, ile?" Bibi alicheka kidogo, kwa wema. "Ile ni ya matumizi ya fedha tu, baba. Hatulipi risiti za nyuma. Kurekodi mngerekodi."

Akatutakia kazi njema, skrini ikazima. Baadaye nilimuuliza katibu wa kamati ya maadili, na yeye akanishangaa. Mtoto kumpiga picha mama yake nyumbani, akasema, kamati inahusikaje? Mwito ulipita mezani kwangu pia, na kile kifungu nilikisoma kama alivyokisoma Bwana Tarehe, kwa sababu kila mtu ofisini kwetu husoma kwa macho ya yule mtaalamu wa mchwa.

"Dokta," akaanza Bwana Tarehe pale pale skrini ilipozima. Alikuwa amesimama, na kwa urefu wake wote hakujua pa kuweka mikono. "Naomba radhi. Sina neno jingine. Nilikosea, na kosa langu..."

"Usiniombe radhi hapa ofisini," akasema Dokta. Hakuwa anafoka. "Jumamosi tunaanza kurekodi, nyumbani kwa mama. Njoo uone."

Sisi huwa hatuendi. Ofisi yetu kazi yake inaishia fedha zinapoingia. Lakini Jumamosi Bwana Tarehe alinipitia kwa gari lake, na sikumuuliza kwa nini anahitaji mtu wa kwenda naye.

Sebule ilikuwa imesogezwa. Mapazia yameondolewa ili mwanga uingie, televisheni imegeuzwa ukutani na kitambaa chake cha kufuma juu, na kamera mpya ya mradi imesimama kwenye miguu yake mitatu katikati ya zulia. Mama yake Dokta alikuwa kwenye kiti cha mikono, mto umewekwa ubavuni asiegemee upande. Nywele zilikuwa zimesukwa upya kwa ajili ya siku hiyo. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani, kiganja juu.

Tukamsalimu. Akatutambua. Bwana Tarehe akachukua kigoda karibu na mlango na kukaa magoti yakimfikia kifuani.

Mama mdogo ndiye aliyeanza. Aliketi mbele ya kamera, mkono wa kushoto akaushika hewani kwenye uzi usiokuwepo, maana alisema bila hivyo wa kulia haukumbuki. Akatoa maneno moja moja, na Dokta akamuuliza maana ya kila moja. Mashine imekwama. Umeme utakatika. Leo mshahara. Usimwamini huyu, mdomo wake hauna kifuniko. Mengine alikuwa akiyafanya anasita. "Hili alilitunga dada yangu mkubwa huyu," alikuwa akimwambia Dokta, kwa utani, akimwonyesha mama kwa kidevu. "Mimi nililiokota tu."

Alipofika kwenye neno fulani, kiti cha mikono kikagongwa. Mama alikuwa amekipiga kwa mkono wa kushoto. Alitikisa kichwa. Siyo hivyo.

"Nimekosea?" akauliza mama mdogo. "Basi nirekebishe."

Mama akatazama kamera, taa yake nyekundu ikiwaka. Kisha akageuza kichwa, taratibu, mpaka akampata Bwana Tarehe pale mlangoni. Kidole cha mkono wa kushoto kikainuka, kikafanya kitu kizito, cha kubabaisha, na kikarudia.

"Anasema nini?" Bwana Tarehe akauliza.

Mama mdogo aliangalia sakafu kabla ya kumjibu. "Anauliza kama sasa imeruhusiwa."

Bwana Tarehe akainuka kwenye kigoda, akavuka zulia akiikwepa kamera, akapiga magoti mbele ya kile kiti ili amfikie usawa wa macho.

"Imeruhusiwa, mama," akasema, midomo akiichora vizuri. "Ilikuwa imeruhusiwa tangu siku ile. Nilikosa mimi."

Sijui alielewa kiasi gani. Alimgonga begani mara moja, kwa ule mkono mzima, kama mtu anayemwondoa mwenzake njiani. Bwana Tarehe akasogea, akabaki amekaa palepale chini kwenye zulia.

Halafu yule mama akashika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Akauinua kutoka mapajani, akauegemeza kwenye mto, akaanza kupanga vidole. Alikinyoosha cha kwanza. Alipokwenda kwenye cha pili, cha kwanza kikalala. Akakirudia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Neno ambalo siku ile ofisini lingepita bila kuonwa sasa lilikuwa linajengwa mbele yetu. Mwisho akatoa mkono wa kushoto na kumtazama mama mdogo.

Mama mdogo aliinama mbele, akatazama kwa muda mrefu.

"Rudia, dada."

Akarudia, yote, tangu mwanzo.

"Hili silijui," akasema mama mdogo. "Au nalijua, ila vidole havijakaa." Alimgeukia Dokta, na uso wake mcheshi haukuwa na ucheshi tena. "Sijui, mwanangu. Sitakudanganya."

Dokta alitoka nyuma ya kamera. Akaiacha ikiendelea. Akapiga magoti upande wa pili wa kiti, akauchukua mkono wa mama yake ndani ya mikono yake miwili, akakunja kidole cha kati.

"Hivi, mama?"

Mama akatikisa kichwa.

Akakinyoosha, akakunja kile cha mwisho, akapeleka gumba ndani. "Hivi?"

Akatikisa kichwa.

"Basi hivi?"